Nukuu zako ni chache? Soma hii kwanza

Juzi kijana mmoja anayefanya doktora ya fizikia ya chembe hapa Lubumbashi aliniandikia: "Yaya, mwenzangu tuliyesoma naye chuoni Kasapa yuko Ulaya sasa. INSPIRE inaonyesha amenukuliwa maelfu ya mara. Mimi nina nukuu saba. Niendelee kweli?"

Mdogo wangu, endelea. Na ninyi wengine mnaofungua INSPIRE, ule mtandao unaoorodhesha makala zetu na mara ngapi watafiti wengine wamezinukuu, kabla hata ya chai ya asubuhi, sogeeni tuongee, maana jambo hili limeniuma mimi mwenyewe.

Niliwahi kuomba ufadhili nikiwa na makala chache kuhusu masi za nyutrino, chembe ndogo mno, zote nimeziandika na profesa wangu, sisi wawili tu. Kila mlinganyo niliukokotoa kwa mkono, na umeme ukikatika namalizia kwa tochi ya simu. Wasifu wangu niliupiga chapa kwenye kibanda cha barabarani, grupu ya umeme ikinguruma mlangoni. Jopo liliniuliza swali moja: indeksi yako ya h ni ngapi? Nikaitaja. Mmoja wao akafunga faili. Ufadhili ukamwendea mtu wa jaribio moja kubwa la CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya. Simwonei wivu, alifanya kazi. Lakini hakuna aliyefungua hata makala yangu moja, na hilo mpaka leo halijanitoka moyoni.

Indeksi hiyo aliipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, indeksi yako ni 10. Haiulizi mliandika wangapi. Sasa chukua makala ya mwaka 2015 ambayo ATLAS na CMS, majaribio mawili makubwa ya CERN, walitoa pamoja kuhusu masi ya chembe ya Higgs: waandishi 5,154, kurasa 33, na 24 kati ya hizo ni majina na taasisi tu. Kila mmoja anahesabiwa nukuu zote. Kwao ni haki, kwa sababu mashine za majaribio hayo hazijengwi na mtu mmoja. Ila ukiipima hesabu hiyo kwenye mizani moja na ya mtu wa nadharia anayeandika na mwenzake mmoja, umedhulumu mtu.

Kwa hiyo unapoomba kazi au ufadhili, usipeleke namba tupu. INSPIRE inakuruhusu kuchuja makala zenye waandishi 10 au pungufu, na kuondoa nukuu ulizojinukuu mwenyewe. Chuja, kisha chini ya kila makala andika sentensi mbili: mimi nilifanya nini humu. Sentensi mbili tu, za kweli.

Halafu jina. Hapa Wakongo tunaumia sana. Tuna jina, postnom (jina la pili linalofuata hilo) na prenom (kama Jean au Marie), na majarida ya nje hayajui kipi kianze. Mimi nilikuta kazi zangu zimegawanywa kwa watu wawili, mmoja akiitwa kwa jina la baba, mwingine kwa postnom, na indeksi ya kila mmoja ikiwa ndogo kuliko yangu halisi. Fungua namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti mmoja popote anapochapisha, ni bure. Chagua mpangilio mmoja wa jina na usiubadilishe tena, hata mhariri akikusumbua. Kisha omba INSPIRE waunganishe kazi zako.

Makala iweke mapema arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni. Tangu 1991 watu wa fani yetu wanasomana huko, na msomaji halipi kitu.

Na uvumilie. Mwanafizikia Steven Weinberg alitoa makala yake ya leptoni, chembe za jamii ya elektroni, mwaka 1967, kurasa chache tu, na kwa miaka kadhaa karibu hakuna aliyeinukuu. Mwaka 1971 mwanafizikia Mholanzi Gerard 't Hooft akaonyesha kwamba nadharia za aina hiyo zinakokotoleka bila kulipuka kuwa infiniti, ndipo dunia ikaifungua. Leo imenukuliwa zaidi ya mara 10,000, na Weinberg alishiriki Nobeli ya 1979. Hakuna jopo la 1969 lililoweza kuliona hilo kwenye namba. Ilibidi mtu akae asome.

Ndiyo maana nawaambia na ninyi wakubwa mnaokaa kwenye majopo ya Kongo: someni. Mtoto wa watu amekokotoa gizani, mpeni angalau saa moja ya kumsoma. Kama makala ni ngumu, mwiteni aieleze ubaoni.

Wewe uliyeniandikia, nitumie zile zilizonukuliwa mara saba. Nitazisoma.