Usisaini hiyo hati ya wakala siku utakapotimiza miaka 18

Weka kalamu chini kwanza. Umeuliza kama uendelee kuigiza au uende chuo kikuu, na ufanye nini ili watu waache kukuita kwa jina la mhusika uliyemwigiza tangu ukiwa na miaka 9. Lakini katikati ya maelezo yako, kana kwamba ni jambo dogo, umetaja kuwa wiki ijayo unatimiza miaka 18 na kwamba wakala wako amekuandalia hati ya “kufunga hesabu za utotoni”. Hati hiyo ninaijua vizuri, kwa sababu niliisaini.

Niliigiza katika tamthilia ya runinga tangu miaka 7 hadi 15, nikiwa yule mtoto mtundu mwenye jibu la kila swali, jambo la kuchekesha kwa kuwa nje ya kamera sikuwahi kuuliza swali hata moja. Malipo yangu yote yalipitia kwa wakala, ambaye alikata asilimia yake, akakata na gharama, kisha akadai kwamba kilichobaki amekiweka katika “mfuko wa mtoto”. Wazazi wangu walimwamini kwa sababu alikuwa na mkoba wa ngozi na alizungumza taratibu, nami niliwaamini wazazi wangu kwa sababu nilikuwa mtoto. Siku niliyotimiza miaka 18 aliniandalia hafla ndogo, watu wakapiga makofi, kisha akanisogezea karatasi nne akisema kuwa huo ni utaratibu wa kawaida tu. Nilizisaini kwa ile saini yenye mikia mirefu niliyozoea kuwaandikia mashabiki, na nadhani mwishoni niliongeza hata nyota.

Ukurasa wa tatu ulisema kwamba nimepokea stahiki zangu zote, nimeridhika na hesabu, na sitamdai yeye wala kampuni yake chochote. Ukurasa wa nne uliipa kampuni hiyo haki ya kupokea malipo yangu yote ya marudio ya vipindi. Miezi michache baadaye nilipouulizia mfuko, nilijibiwa kuwa ulikwisha kwa usafiri, mavazi na “kulijenga jina”. Mavazi! Misimu yote nilivaa fulana moja ya mistari, na hata hiyo ilikuwa mali ya watayarishaji.

Mwanasheria niliyemwendea nikiwa nimechelewa ndiye aliyenifafanulia kwa nini yule bwana alisubiri siku hiyo hasa. Katika nchi nyingi, mtu aliyefungwa na mkataba akiwa mtoto huwa na nafasi ya kuukana au kuupinga mahakamani. Lakini akishatimiza umri wa utu uzima na kuuthibitisha kwa saini yake mwenyewe, nafasi hiyo mara nyingi hupotea. Saini yako ya leo ni dhaifu, ya wiki ijayo ni nzito, na wakala wako anaijua kalenda kuliko wewe. Huyo wangu alikuwa akiniita “mwanangu”, na sijui kama aliwakata asilimia watoto wake wa kuwazaa.

Wala usidhani ni mkosi wangu peke yangu. Jackie Coogan, aliyeigiza na Charlie Chaplin katika filamu ya mwaka 1921, alikadiriwa kuingiza kati ya dola milioni 3 na 4 utotoni. Alipokuwa mtu mzima alikuta karibu zote zimetumika, akawashtaki mama yake na baba wa kambo mwaka 1938, na akaambulia takriban dola 126,000. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1939 kwa ajili ya kisa hicho, lakini sheria hiyo ilikuwa na mianya mikubwa, na ni tangu mwaka 2000 ndipo inapotamka wazi kuwa mapato ni mali ya mtoto mwenyewe na kwamba asilimia 15 itengwe katika akaunti ya amana. Coogan alikuwa ameshafariki mwaka 1984.

Kwa hiyo usikiri kupokea fedha ambayo hujaiona katika akaunti yenye jina lako. Dai kwa maandishi mikataba ya kila msimu, taarifa za benki za huo mfuko na risiti za kila gharama iliyokatwa, kisha umpelekee mwanasheria utakayemtafuta na kumlipa wewe, si yule “rafiki wa familia” atakayeletwa na wakala. Waandikie watayarishaji pia, uwaulize malipo ya marudio yanaingia wapi. Wakala atakuambia kwamba kudai hesabu ni kukosa shukrani. Niliambiwa hivyo, nikaona haya, na haya hiyo ndiyo kitu ghali kuliko vyote nilivyowahi kununua.

Hayo mengine uliyouliza yasubiri. Je, nakala nzima ya hati hiyo unayo, au amekuonyesha ukurasa wa kusaini tu?