Maswali ya Wasomaji: Nyumba Kabla ya Masika

Shikamooni mafundi. Nyumba yetu ipo Tanga, ina bati za mgongo mdogo zenye miaka kumi na miwili. Kila masika sebule inavuja palepale. Fundi hupaka silikoni, mwezi unaofuata maji yanarudi. Tubadilishe bati zote?

Marahaba. Bati zote za nini? Kwanza jua maji yanaingilia wapi, maana yanapodondokea sipo palipo na tundu. Huingia juu, yakatambaa kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati) au kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) hata mita mbili, ndipo yakaangukia silingibodi. Ingia darini saa sita mchana, zima taa, tafuta vitundu vya mwanga na michirizi myeusi kwenye mbao. Usipoona kitu, mtu mmoja abaki darini, mwingine amwage maji ya mpira juu ya paa. Aanzie chini kabisa, akae dakika kumi kabla ya kupanda hatua inayofuata. Akianzia juu, kila mahali patalowa na hutajua lolote.

Mara nyingi mkosaji ni msumari. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na kila siku msumari hupanda kidogo huku mpira wake ukipasuka kwa jua. Kuugongelea tena ni kazi bure, kwa sababu tundu la kwenye papi limeshapanuka. Ung'oe, weka skrubu ya bati yenye mpira, ndefu kuliko huo msumari, iingie kwenye mbao angalau sm 3. Kaza mpaka mpira uchungulie kidogo pembeni mwa washa, uishie hapo. Ukizidisha, mpira unakatika na bati linabonyea, nawe umejichimbia kidimbwi juu ya tundu. Msumari uliopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni uondoe kabisa, uzibe, kisha upige skrubu mgongoni pembeni yake.

Na ile silikoni? Haishiki kwenye vumbi wala kutu. Halafu ile yenye harufu ya siki hula zinki ya bati, ikaacha kutu chini yake. Sugua kwa brashi ya waya, futa kwa thina, acha pakauke, kisha tumia gundi ya poliyurethani. Saruji usiiguse, itapasuka bati litakapotanuka kwa joto.

Kama uvujaji unaanza Aprili na uko upande wa kusini, angalia maungio pia. Kusi likishaanza, mvua hupeperushwa ikaingia chini ya bati. Bati la juu lilalie la chini kwa sm 15, na paa likiwa bapa, sm 20 au zaidi. Panda asubuhi umande ukishakauka, na ukanyage kwenye mistari ya misumari, penye papi.

Nataka kukinga maji ya mvua. Paa langu lina mita za mraba 80, na nina simtanki la lita 2,000. Gata gani zinafaa? (Kigamboni)

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya mm 20 itakupa lita 1,600, ukiondoa zinazopotea zibaki kama 1,350. Tanki lako litajaa kwa mvua mbili, kwa hiyo bomba la kumwaga ziada si pambo. Lielekeze mbali na msingi.

Kwa gata, kadiria sm 1 ya mraba ya uwazi wa gata, ukiitazama kwa mbele, kwa kila mita ya mraba ya paa. Paa la pande mbili lina mita za mraba 40 kila upande, na gata ya nusu duara yenye upana wa sm 10 inafikia hapohapo kwa shida. Chukua ya sm 12.5. Iinamie bomba kwa sm 1 kila mita mbili, na vishikizo visipite sm 60 kati yake, la sivyo itabonyea katikati na kukuwekea maji. Ukimaliza, mwaga ndoo moja upande wa juu. Yakibaki madimbwi, rekebisha kabla fundi hajaondoka.

Maji ya kwanza hubeba kinyesi cha ndege na vumbi la kiangazi chote. Tenga nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 40 kwako. Bomba la inchi 6 hubeba karibu lita 17 na nusu kwa mita, kwa hiyo kabla ya tanki simamisha lenye urefu wa mita 2.3, limezibwa chini na kuachiwa kitundu kidogo lijimwage lenyewe.

Tanki lisafishwe sasa, likiwa karibu tupu. Sugua, suuza, jaza maji, tia dawa ya klorini ya asilimia 3.5 kwa kipimo cha lita moja na nusu kwa kila lita 1,000, lilale usiku kucha, kisha umwage yote. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu. Mdomo wa tanki na bomba la ziada vifungwe wavu wa mbu. Mbu wa dengi, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji safi yaliyotuama.

Rangi ya ukuta inafura na kutoa unga mweupe, kutoka sakafuni hadi magotini. Fundi anasema tupige skimu na rangi ya mafuta kabla ya mvua. (Bagamoyo)

Mwambie asubiri. Huo unga ni chumvi inayopandishwa na unyevu wa ardhini. Rangi ya mafuta itaufungia ndani, nao utapanda juu zaidi. Hakikisha hivi: bandika nailoni ya sm 30 kwa 30 ukutani, uifunge kwa utepe pande zote, ukague baada ya siku mbili. Ikilowa upande wa ukutani, unyevu unatoka ukutani. Ikilowa upande wa chumbani, ni hewa tu, fungua madirisha.

Kazi ya sasa iko nje. Miaka ya kufagia na kumwaga mchanga hupandisha ardhi mpaka ikapita sakafu. Chimba ishuke sm 15 chini ya usawa wa sakafu, iinamie nje kwa sm 5 katika mita ya kwanza, kisha mwaga zege la upana wa sm 75 na unene wa sm 7.5 kuzunguka nyumba, kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Limwagiliwe siku saba. Ndani, bandua lipu hadi sm 30 juu ya alama ya mwisho, na chumvi uifagie kavu, maana maji huirudisha ukutani. Tofali hukauka kwa takriban mwezi mmoja kwa kila sm 2.5 za unene. Tofali la inchi 6, basi, hadi miezi sita. Lipu mpya isubiri, ipigwe kwa mchanga wa mtoni, si wa ufukweni, na juu yake rangi ya maji.

Kila Aprili choo hakishuki. Mwaka jana tulinyonya karo, baada ya wiki mbili likajaa tena. (Mbagala)

Maji ya ardhini yamepanda, na shimo la kunyonya, lile linalopokea maji ya karo yazame ardhini, halina pa kuyapeleka. Gari likinyonya Aprili, linanyonya maji yatakayorudi. Nyonyeni Februari, iwapo tope limefika theluthi ya kina. Hupimwa kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe, bila mtu kuingia, kwa kuwa gesi ya humo huua. Gata isielekezwe karoni. Karo la plastiki msiliache tupu wakati wa mvua, linaweza kuibuka. Kufungulia karo mtaroni mvua ikinyesha ni kuwagawia majirani kipindupindu.

Mlango wa mbao hukwama kila masika. Nipige randa?

Si wakati wa mvua. Ukirandwa ukiwa umevimba, Julai utakuwa na upenyo wa kupitisha mjusi. Urande wakati wa kiangazi, kidogo tu, kisha uung'oe bawabani upake vanishi ukingo wa juu na wa chini. Mafundi wengi huziruka kingo hizo, na ndiko mbao hunywea maji.