Panya mzee akichelewa, mpime macho kwanza

Mdogo wangu wa kampasi ya Chiromo, unauliza kama panya wako wa miezi 20 wanaochelewa kulipata jukwaa lililofichwa majini, katika jaribio la kumbukumbu la kuogelea tangini, wamezeeka akili, au ni jeni. Kabla ya yote, wapime macho! Inua jukwaa lionekane, ulichomeke kibendera. Anayelikosa hata hapo haoni vizuri. Ukoo wa panya wa maabara uitwao DBA/2 hupata glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho) ukizeeka, na wengi wa ukoo wa C3H hupofuka wakiwa wachanga kwa sababu ya rd1, jeni yenye kasoro inayoharibu retina. Tena wazee huogelea polepole, kwa hivyo pima urefu wa njia, usitegemee sekunde pekee. Mwishoni liondoe jukwaa, uangalie anazungukia robo gani ya tangi, ujue kama anakumbuka lilipokuwa. Na tafadhali wakaushe vizuri, Julai ya Nairobi ina baridi kali.