Kabla Hujapeleka Taa za Sola Visiwani, Mtafute Fundi

Taa 40 za kwanza nilizipeleka kisiwani Ndau, katika visiwa vya Lamu nchini Kenya, kwa mashua, nikiwa nimezifunga ndani ya mifuko ya plastiki zisirukiwe na maji ya chumvi, na nikiwa na hakika kwamba mtu anayevuta moshi wa koroboi kila usiku hahitaji kushawishiwa aiache. Ziliisha kwa siku mbili. Miezi saba baadaye 11 kati yake zilikuwa zimezimika, wenyewe wamerudia mafuta ya taa, na baadhi yao walikuwa bado wananilipa kidogo kidogo kwa kitu kisichowaka. Mama mmoja aliiweka taa yake mbele yangu akasema, "Mwanangu, koroboi ikiharibika natoboa kopo jingine. Hii nimpelekee nani?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayetaka kuanzisha biashara ya kijamii ya namna hii, yaani biashara inayojiendesha kwa mapato yake lakini inayojipima kwa hali ya wateja wake, ni kumpata fundi kabla ya kuagiza mzigo. Si lazima fundi huyo awe amesoma sana. Chuo cha Barefoot College kilichoko Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, kimewafundisha wanawake wengi wa vijijini, wakiwamo nyanya wasiojua kusoma, kuunganisha na kutengeneza vifaa vya sola kwa kufuata rangi na ishara. Mimi niliwachagua akina mama wawili wa chama cha pale pale kisiwani, kwa kuwa vijana, nikisema kweli, wakishaiva kwa ufundi huhamia Mombasa.

Tulipozifungua zile taa 11 tuligundua kwamba nyingi zilikuwa na betri nzima kabisa. Kilichoziua ni chumvi ya upepo wa bahari, iliyoingia pale waya unapochomekwa na kuifunika shaba kwa kutu ya kijani. Tangu siku hiyo sinunui taa ambayo tundu lake la chaji halina kifuniko cha mpira, na kila mteja hufundishwa kupangusa ncha za waya na kuzipaka mafuta ya mgando kidogo. Paneli nayo haifai kulazwa juu ya makuti, kwani huteleza na kufunikwa na majani. Ifungwe kwenye mti uliosimikwa mbali na kivuli cha minazi. Kwa kuwa Lamu iko karibu sana na Ikweta, inatosha kuinamishwa kidogo tu, kiasi cha mvua kuweza kuosha vumbi na kinyesi cha kunguru.

Jambo la malipo ndilo lililonisumbua zaidi. Mtindo wa kulipa kidogo kidogo kila siku kwa simu, ambapo taa hujifunga mteja akichelewa, ulienea Kenya kwa msaada wa M-Pesa iliyoanza mwaka 2007, na unamfaa mtu wa kibanda anayeshika pesa kila jioni. Mvuvi wa Ndau au Kizingitini haishi hivyo. Kusi ikikaza katikati ya mwaka, vyombo vidogo haviwezi kutoka nje ya miamba, na ukiifunga taa yake wakati huo unamzimia mtoto anayedurusu masomo ya madrasa kwa kosa la upepo. Sasa tunapokea fungu kubwa wakati wa kaskazi, na wakati wa kusi tunapokea dogo au hatupokei kabisa. Madeni mabaya yamepungua, ingawa msambazaji wangu wa zamani aliucheka mpango huo.

Msambazaji huyo huyo alikataa kunibadilishia taa mbovu, akidai chumvi haimo katika dhamana. Basi usilipe hata shilingi kabla ya kuisoma dhamana yote, na hakikisha kwamba aina ya taa unayoagiza imepimwa na kuorodheshwa na VeraSol, mpango ambao mwaka 2020 ulirithi kazi ya ukaguzi wa ubora kutoka Lighting Global ya Benki ya Dunia. Katika bei yako tenga fungu la vipuri, na vipuri hivyo viwe vimeshavuka bahari kabla ya Ramadhani, kwa sababu mwezi huo taa huwaka mpaka daku, na betri iliyochoka haifiki.