Jifunze kuachia mafuta kabla ya kuyavuta

Wewe uliyenunua pikipiki kubwa juzi, au unayejiandaa kuinunua, nakuandikia kama mtu aliyetoka kwenye CC 125 akapanda CC 600 ya silinda nne bila mtu wa kumwelekeza. Miaka imepita, lakini dakika yangu ya kwanza juu ya ile pikipiki naikumbuka vizuri kuliko siku niliyopata leseni.

Niliondoka taratibu, klachi nikaiachia vizuri, gia ya kwanza, ya pili. Mbele yangu barabara ilikuwa tupu. Nikavuta mafuta kama nilivyozoea kuvuta kwenye ile ndogo, yaani bila kuyabania. Mwanzoni halikutokea jambo kubwa. Kisha mshale wa resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ukavuka elfu nane, na pikipiki ikachomoka kama kitu kilichokuwa kimefungwa kamba, kamba ikakatwa. Mwili wangu ukabaki nyuma. Mikono ikanyooka, makalio yakateleza kwenye siti, na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: kwa kuwa nilikuwa nimeng'ang'ania hendeli ili nisianguke, mkono wa kulia ulizidi kuvuta mafuta. Kile nilichokishika ili kujiokoa ndicho kilichokuwa kikiniongezea mwendo.

Nilinusurika kwa sababu barabara ilikuwa ndefu na haikuwa na mtu. Wengi yanawakuta hayo hayo mbele ya ukuta, au nyuma ya gari lililosimama. Si kwamba ni wajinga. Mwili ukivutwa nyuma ghafla hujishikilia kwenye kitu kilicho karibu, na kwenye pikipiki kitu hicho ni mkono wa mafuta.

Kwa hiyo anza na mwili kabla ya kufikiria mwendo. Kaa kwenye pikipiki ikiwa imezimwa. Banisha tangi kwa magoti mpaka uhisi misuli ya mapaja imekaza, inama mbele kidogo, kisha achia hendeli kabisa. Kama huwezi kukaa hivyo bila mikono, bado unajishikilia kwa mikono, na hapo ndipo hatari ilipo. Viwiko viwe vimekunjika. Vidole viguse hendeli kama unavyoshika mkono wa mtoto unapomvusha barabara, imara lakini bila kumuumiza. Halafu tazama kifundo cha mkono wako wa kulia. Kikiwa kimeinuka juu kuliko vidole, una nafasi kubwa ya kukishusha, na kila kinaposhuka mafuta yanafunguka. Shika upya, kianzie chini, usawa wa vidole au pungufu kidogo. Hapo hata ukivutwa nyuma, mkono hauna mahali pa kuzungukia.

Sasa tuelewane kuhusu nguvu yenyewe. Pikipiki ya CC 125 ina nguvu farasi kumi na kitu hivi, isizidi 15. CC 600 ya michezo inatoa kama 120, na CC 1000 za siku hizi zinafika 200 hivi. Uzito wake mara nyingi ni kilo 200 tu, mafuta yakiwamo. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ni kama sekunde tatu, na nyingi za CC 1000 hufika huko na kupita zikiwa bado gia ya kwanza. Kwenye kilomita 100 kwa saa unakula karibu mita 28 kila sekunde. Ukitazama dashibodi kusoma mwendo wako, ukiinua macho umeshapita urefu wa mabasi mawili.

Lakini tofauti kubwa kwako wewe unayetoka kwenye ndogo haimo kwenye takwimu hizo. Imo kwenye tabia ya mkono wako. Pikipiki ndogo imekufundisha kwa miaka kwamba mafuta ni ya kuvuta mpaka mwisho. Kilima, unavuta mpaka mwisho. Kumpita mtu, unavuta mpaka mwisho. Hukuwahi kuadhibiwa kwa hilo. Mkono huo huo ukiuhamishia kwenye pikipiki kubwa, unakuwa umemkabidhi nguvu mtu asiyejua kiasi.

Mimi nilichofanya, na nakusihi ukijaribu, nilibandika kipande cha utepe mweupe kwenye mpira wa mkono wa mafuta, na kingine kwenye kasha lake lisilozunguka, vikapangana mstari mmoja. Nikaenda safari ya kawaida, mjini na barabara kuu, nikichungulia kila nilipokuwa kwenye mwendo wa utulivu. Mwanya kati ya vipande viwili haukuzidi upana wa kidole changu kidogo. Kwenye barabara kuu, nikienda na magari mengine, upana wa kidole kidogo! Sehemu yote iliyobaki ya mzunguko ule, sikuihitaji kwa lolote. Tangu siku ile nilianza kufikiria mafuta kwa milimita, na nadhani kile kipande cha utepe kilinifundisha kuliko mtu yeyote.

Baada ya hapo ndipo lilipo somo langu kuu, ambalo wanaofundishana mitaani huliruka. Kila mtu anataka kujua namna ya kuvuta. Wewe jifunze kuachia kwanza.

Tafuta mahali palipo wazi na paliporuhusiwa, lami safi, pasipo na watu. Weka gia ya tatu, mwendo wa kilomita 40. Ongeza polepole mpaka 50, kisha rudisha mpaka 40 kwa mafuta tu, bila breki. Usitazame mshale, sikiliza injini. Unachotafuta ni kichwa chako kisitikisike. Ukiachia ghafla, injini inashika gurudumu la nyuma, shokapu za mbele zinazama, na kofia yako inainama kama mtu anayesinzia. Hiyo ni dalili kwamba uliachia kama anayezima taa. Rudia mpaka kichwa kitulie. Mimi nilitumia jioni tatu kwa zoezi hili tu, na lilinichosha kwa kuwa halina raha yoyote. Baadaye nikafanya kwa gia ya pili, ambapo kila kosa dogo linaonekana.

Kwa nini nakazania kuachia? Kwa sababu mwenye hofu huachia kwa pupa, na kuachia kwa pupa kuna adhabu yake. Upo kwenye kona, umelala kidogo, umevuta mafuta kupita kiasi, tairi la nyuma likaanza kuteleza upande. Ukifunga mafuta ghafla, tairi hushika lami tena kwa mkupuo, pikipiki inainuka kwa nguvu na kukurusha juu ya hendeli. Hii ni miongoni mwa namna mbaya kabisa za kuanguka, na inayokurusha ni ile sekunde ya kufunga. Mkono uliozoea kurudisha kidogo kidogo hukupa nafasi ya kutoka salama. Mafuta kwenye kona uyaongeze pale pikipiki inapoanza kuinuka wima, si kabla.

Na hivyo hivyo kwa gurudumu la mbele. Pikipiki yenye nguvu ukiivuta sana kwenye gia ya chini, uzito wote unahamia nyuma na mbele panakuwa pepesi, mara tairi limeacha ardhi. Usishtuke ukafunga kwa mkupuo, kwa sababu litarudi chini kwa kishindo, na likishuka likiwa limepinda hendeli zitapigapiga kushoto na kulia. Rudisha mafuta taratibu, gusa breki ya nyuma kwa mguu, mikono iwe milaini. Hendeli zikianza kutikisika usizikabe. Banisha tangi kwa magoti uziache zijinyooshe.

Breki nayo ina nafasi yake kabla ya kasi. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki ni mara nne, bado hujahesabu zile mita ulizotembea kabla mkono haujafika kwenye breki. Pikipiki kubwa inakufikisha kwenye mwendo ule ndani ya muda ambao akili yako bado inafikiri upo kwenye mwendo wa awali. Kwa hiyo nilijiwekea sharti: sipandi mwendo kabla sijaufanyia mwendo wa chini yake zoezi la kusimama kwa dharura. Nimesimama kutoka 60 mara ishirini? Naruhusiwa kugusa 70. Breki ya mbele uikamue, usiinyakue. Mkamuo wa kwanza ni wa kuushusha uzito mbele, kisha ndipo unaongeza nguvu.

Kuhusu mifumo ya umeme inayozuia tairi kuteleza au gurudumu kuinuka, kama pikipiki yako inayo iwashe, na anza na hali ya mvua, yaani mpangilio wa injini uliowekwa kwa ajili ya utelezi, hata jua likiwaka, kwa kuwa kwa kawaida hapo mafuta yanafunguka kwa upole. Usione aibu. Mwezi wa kwanza wote kaa huko. Ila ujue kwamba mifumo hiyo haikurefushii barabara wala haimwoni mtu anayevuka.

Aina ya injini nayo ina tabia yake. Silinda nne ndogo hutulia chini kisha huamka juu, na huko kuamka ndiko kulikonikuta mimi. Silinda mbili kubwa husukuma tangu resi za chini, kwa hiyo hazikupi muda wa kujiandaa. Za umeme ndizo zinazohitaji heshima zaidi, kwani zinavuta kwa nguvu tangu kusimama, nyingi hazina klachi ya kukuokoa, na hakuna mngurumo wa kukuonya. Waendeshaji wa zamani watakusimulia kuhusu Kawasaki H1 ya mwaka 1969, CC 500 za silinda tatu na mipigo miwili, nguvu farasi 60 tu, lakini zilikuja zote kwa pamoja na kuwatia watu hofu. Nguvu inayokuja ghafla huwa ngumu kuliko nguvu nyingi inayokuja kwa utaratibu. Njia rahisi ya kuilainisha ni kupanda gia moja zaidi ya unayodhani unaihitaji. Kama ungetumia ya tatu, tumia ya nne.

Na kama bado hujanunua, usiruke ngazi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka jambo hili kwenye sheria. Tangu mwaka 2013 kuna leseni ya kati, A2, ambayo mwisho wake ni kilowati 35, yaani kama nguvu farasi 47. Hata kama unapoishi hakuna sheria hiyo, kipimo kile ni cha busara. Ningeirudisha nyuma miaka, ningekaa mwaka mzima kwenye pikipiki ya nguvu hiyo.

Sasa wiki ya nne. Wiki ya kwanza hofu inakulinda. Kufikia ya nne mwili umezoea, ule mvuto uliokuwa unakutoa pumzi unauona wa kawaida, na macho yanakudanganya: ukitoka barabara kuu na kuingia penye mwendo wa 50, unajiona kama umesimama. Mimi ilikuwa wiki ya tano. Nilikuwa nyuma ya lori, nikaona nafasi, nikavuta. Nilimpita kwa muda mfupi kuliko nilivyokusudia, nikatokea upande wa pili na mwendo ambao sikuuchagua. Mbele kulikuwa na gari dogo linasubiri kukata barabara. Dereva alinitazama usoni, nikaona kabisa ananitazama, kisha akaingia. Sikumlaumu. Pikipiki ni nyembamba, kwa mbali haionekani ikikua, na yeye alikadiria mwendo wa pikipiki ya kawaida. Nilisimama hatua chache kutoka kwenye mlango wake, tairi la mbele likilia, kwa sababu ya yale mazoezi ya breki. Tangu hapo, ninapompita mtu, naamua mwendo nitakaomalizia kabla ya kuanza kuvuta.

Mambo madogo nayapitia haraka. Tairi mpya huteleza mpaka lichubuke, hivyo kilomita 150 za kwanza uende nalo kwa adabu. Tairi lenye baridi vilevile. Kagua mkono wa mafuta kama unarudi wenyewe ukiuachia, hendeli zikiwa zimegeuzwa kushoto na kulia, na cheni isilegee kupita kiasi, maana cheni iliyolegea hugonga kila unapofungua na kufunga, na utalaumu mkono wako bure.

Abiria msubirishe. Mimi nilikaa miezi sita ndipo nikampakia mdogo wangu. Abiria hana hendeli wala hajui utavuta lini, na ukiachia vibaya kofia yake inagonga yako kwa nyuma, ko, sauti unayoisikia mpaka kwenye meno. Tulikwenda karibu saa nzima, milima, kona na foleni. Tuliposhuka aliniuliza kwa nini nilikuwa natabasamu, nikamwambia sijasikia kofia ikigonga hata mara moja.