Thomson ameiva mkiani, tumboni bado barafu: programu za maikrowevu zinavyotumika

Dada wa Katuba, kwa ufupi umeuliza hivi: umenunua maikrowevu yenye programu, umeweka samaki watatu wa aina ya Thomson walioshikana kwa barafu, umebonyeza kitufe cha kuyeyusha, na ilipolia ukakuta mikia imeiva nyeupe huku matumbo ni mawe. Wengine hapa wamekwambia mashine ni mbovu, uirudishe dukani. Usiirudishe kwanza. Nyumbani kwetu Lubumbashi tuko wengi, samaki wa barafu na mapaja ya kuku ndiyo mboga ya karibu kila wiki, na hiyo hali naijua sana.

Programu haimwoni samaki. Inajua uzito ulioandika na aina ya chakula uliyochagua, basi. Mengine inakisia: kwamba samaki ametoka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kwamba unene wake ni wa kawaida, kwamba umeme umetimia volti 220. Kisha inapiga hesabu ya dakika. Hapa kwetu hayo makisio matatu mara nyingi hayatimii, na ndipo chakula kinapoharibika.

Halafu kuna barafu yenyewe. Mawimbi ya maikrowevu hupasha maji kwa kuzitikisa molekuli zake. Kwenye barafu molekuli zimekazwa, hazitikisiki kirahisi, kwa hiyo barafu hupokea joto kidogo mno. Ila sehemu moja ikishayeyuka, inanyonya joto haraka kuliko ile iliyoganda pembeni yake, na inaanza kuiva wakati nyingine bado jiwe. Mkia ni mwembamba, unayeyuka wa kwanza, kwa hiyo unaiva wa kwanza. Ndiyo sababu programu ya kuyeyusha haitoi moto mfululizo: mashine inanguruma, inanyamaza huku taa na sahani vikiendelea, inanguruma tena. Ikinyamaza, joto linapata nafasi ya kuingia ndani. Zile za inveta hazikatiki hivyo, zinatoa nguvu ndogo kwa mfululizo, lakini lengo ni lile lile.

Sasa Thomson wako. Mtoe kwenye mfuko wa plastiki. Mwombe mwuzaji akupimie kwenye mizani yake, au nunua mizani ndogo ya jikoni, kwa sababu kukisia uzito wa samaki aliyevaa barafu ni kazi bure. Geuza kisosi kifudifudi juu ya sahani pana, umlaze samaki juu yake. Hilo wengi hawalifanyi na ndilo kubwa: maji yanayodondoka yakikusanyika chini ya samaki, yanachemka yenyewe na kumpika upande wa chini. Mikia ielekee katikati ya sahani, migongo minene nje. Andika uzito, anza.

Mashine ikilia katikati, ile ni ishara ya kugeuza, na nyingine zinaendelea tu usipofungua mlango. Fungua. Mwaga maji. Chomeka ncha ya kisu butu kati ya samaki na samaki, bila kulazimisha. Wakiachana, watenganishe na uwapange upya, walioyeyuka zaidi watoke kabisa. Kuanzia hapo mimi siiamini programu hadi mwisho. Nashika samaki kwa kidole nyuma ya kichwa: akibonyea kidogo na ndani bado ni baridi kali, nazima, hata kama dakika zimebaki. Namwacha dakika kumi hivi, anamalizia mwenyewe, kisu kinapita tumboni vizuri na nyama haivunjiki kwenye mafuta. Kisha apikwe hapo hapo. Chakula kilichoyeyushwa kwenye maikrowevu kina sehemu zilizokwisha kupata uvuguvugu, na bakteria wanapenda uvuguvugu, kwa hiyo usikirudishe kwenye friza kikiwa kibichi.

Kuhusu umeme, hapa naomba usome polepole. Ikiwa friza ililala bila umeme, samaki hayuko tena kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, pengine yuko karibu na sifuri. Ukiandika uzito wake kamili, programu itampika. Andika uzito mdogo kuliko wa kweli, punguza kama theluthi, kisha uongeze ukihitaji. Umeme ukikatika katikati ya programu, mashine nyingi zinasahau zilipofika, na ukirudi saa inawaka sufuri. Usianze programu upya kwa uzito ule ule! Weka nguvu ya asilimia 30 kwa mkono, dakika moja moja, ukigusa.

Na volti zikishuka jioni, wakati kila nyumba imewasha jiko, nguvu ya mawimbi nayo inashuka, hasa kwenye mashine za transfoma, yaani zisizo za inveta. Kipimo chake ni rahisi. Pasha lita moja ya maji ya bomba kwa nguvu kamili, dakika moja tu, ukipima joto kabla na baada. Kila nyuzi moja iliyopanda ni kama wati 70. Yakipanda nyuzi 10, una wati 700. Yakipanda nyuzi 7, huna hata 500, na programu yoyote ya kupika itakuachia chakula kibichi. Pima alfajiri, pima jioni, utaona. Ukinunua stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti, isiwe ile ndogo ya televisheni: mashine ya wati 800 kwa kawaida inavuta zaidi ya 1,200 kutoka ukutani.

Programu za kupika nitazipitia haraka. Viazi na wali, sawa. Kupasha sombe (majani ya muhogo) iliyokwisha kuiva, sawa, kwenye bakuli la kioo lililofunikwa, si plastiki, maana mafuta ya mawese yanapata moto kuliko maji. Sombe mbichi, hapana: inataka kutwangwa na kuchemka kwa muda mrefu ili sumu ya majani itoke, na hakuna kitufe cha kufupisha hilo. Maharagi na bukari (ugali) viache kwenye mbabula, jiko la makaa. Mapaja ya kuku ndiyo yanayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu ngozi inapendeza huku nyama ya karibu na mfupa haijafika nyuzi 74. Kata hadi mfupani uangalie. Ukiona wekundu na maji ya damu, rudisha ndani, usiwape watoto.

Ukisoma kwenye kitabu chake kwamba ina kihisio cha mvuke, usifungue mlango kabla haijalia, inausubiri mvuke huo ili ijue dakika zilizobaki. Na kaka aliyeuliza kama anunue ile ya programu nyingi: pesa hiyo iweke kwenye stabilaiza, uchukue mashine yenye kuyeyusha kwa uzito na kitufe cha kubadilisha nguvu kwa mkono.