Skrini nyeusi baada ya kusasisha: usifomati

SWALI: Fundi, hujambo? Mimi huhariri video za harusi hapa Umoja, Nairobi, kwa laptopu ya mtumba yenye kadi ya picha ya NVIDIA na mfumo wa Ubuntu 22.04. Ijumaa nilikubali masasisho, kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikatoka 6.5 ikaingia 6.8. Kuiwasha tena, skrini nyeusi. Kijana mmoja kule Luthuli Avenue akaniwekea draiva (programu inayoendesha kadi) aliyoishusha kwenye tovuti ya NVIDIA, ile faili ya .run. Sasa kila nikigusa apt, kisakinishi cha Ubuntu, naambiwa vifurushi vya programu vinagongana. Anasema dawa ni kufomati, na nina harusi ya watu ya kukabidhi Jumatano.

JIBU: Dada yangu, usifomati. Niliwahi kumfomatia mteja mashine kwa shida kama hii, na picha za mazishi ya babake zikapotea. Hadi leo naumia nikikumbuka.

Video zako zipo, na kerneli ya zamani pia ipo. Washa mashine ukibonyeza Esc ili menyu ya GRUB, ya kuchagua kerneli, itokee, ingia Advanced options, chagua 6.5. Picha ikirudi, nakili kazi kwenye diski ya nje, umalize harusi kwanza. Matengenezo yangoje Alhamisi. Ikibaki nyeusi, bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate terminali, skrini ya kuandika amri, ufanyie kazi hapo.

Draiva ya NVIDIA hushonewa kila kerneli upya, kama sare ya shule: ya mwaka jana haimtoshi mtoto aliyerefuka. Anayeshona ni programu iitwayo DKMS, na kitambaa chake ni kifurushi cha linux-headers cha kerneli hiyohiyo. Kisipokuwepo, au draiva ikiwa nzee kwa kerneli mpya, kazi hukwama. Kisha ile .run ikamwaga faili zake juu ya zile za apt bila apt kujua. Nyumba moja, wenye nyumba wawili.

Andika `dpkg -l | grep -i nvidia` usome polepole herufi mbili za mwanzo wa kila mstari. Juzi kwenye meza yangu mistari yote ilianza na ii, yaani imesakinishwa sawasawa, isipokuwa nvidia-dkms-535 iliyoanza na iF. F hiyo maana yake kifurushi kilikwama katikati, na ndicho kilichokuwa kikizuia vingine vyote.

Ondoa kwanza draiva ya yule kijana: `sudo nvidia-uninstall`. Halafu za apt: `sudo apt purge '^nvidia-.*' '^libnvidia-.*'`. Kabla ya kukubali, soma orodha ya vitakavyotolewa. Ukiona ubuntu-desktop humo, simama uniandikie. Apt ikigoma, `sudo apt --fix-broken install`, kisha urudie.

Sasa leta kitambaa: `sudo apt install linux-headers-generic-hwe-22.04`. Mwisho `sudo ubuntu-drivers install`, ikuchagulie draiva inayofaa. Tafuta Wi-Fi, bando la simu litakuishia njiani.

Ukiulizwa nywila ya Secure Boot, mlinzi anayekagua draiva mashine ikiwaka, iandike kwenye karatasi. Ukiwasha tena itatokea skrini ya buluu: chagua Enroll MOK, uweke nywila ileile. Wengi huipita wakidhani ni hitilafu, na draiva inakataliwa mlangoni.

Ingia 6.8, andika `nvidia-smi`. Likitokea jedwali lenye jina la kadi yako, fungua mradi wako uendelee.